Kituo cha Saba Hakina Pengo

Juni 2

Daftari hili si la kuandikia habari za mtu. Ni la vipimo vya mto: kila ukurasa una safu nne, Tarehe, Saa, Kina na Maoni, na safu ya Maoni ni nyembamba kama kidole kwa sababu ofisi yetu haijawahi kutaka maoni ya mtu. Yalibaki mawili stoo, nikachukua moja. Nitaandika juu ya safu zote nne nione nani atanikamata.

Leo Mkurugenzi ametukusanya. Mpango wa Maji wa Jimbo, wa miaka ishirini, unatakiwa mbele ya Baraza kabla Oktoba haijaisha. Mito saba, vituo ishirini na tatu vya kupimia, na kila mwenye kiu jimboni aandikiwe fungu lake: miji, mashamba, viwanda, mifugo. Mimi ndiye mwenye kumbukumbu. Wananiita Mama Mafaili, wakidhani sijui.

"Namba zote zitapita kwako," Mkurugenzi akaniambia. "Pengo moja tu, Baraza litatucheka."

"Kituo cha Saba hakina pengo hata moja, Mama."

Nilisema hivyo kwa sauti, nikijua ofisi nzima inajua kwamba msomaji wa Kituo cha Saba ni Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Mwaka wa thelathini na moja huu anashuka mtoni asubuhi na jioni, anasoma ubao wa namba uliosimama majini, anajaza fomu, anaituma kila mwisho wa mwezi. Kichwa kilinivimba kama vile mto ni wa ukoo wetu.

Juni 5

Joto. Panya wamekula mwaka mzima wa Kituo cha Tatu.

Juni 19

Amekuja mtaalamu wa hesabu kutoka makao makuu, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limenyooshwa hadi linatisha. Hasemi "kama mia sita", anasema "mia sita na arobaini nukta tatu." Kufika saa sita mchana ofisi ilikuwa imeshambatiza Bwana Desimali.

Alitueleza kwenye ubao. Kabla ya kugawa maji ya mto, lazima ujue mto unabakiwa na kiasi gani ukiwa umechoka kabisa, mwisho wa kiangazi. Kwa mto wetu mkubwa, namba hiyo inatoka Kituo cha Saba: lita mia sita na arobaini kwa sekunde. Shamba kubwa la umwagiliaji linaloombewa kibali upande wa juu lipewe mia nne. Mji wa chini, mia moja hamsini. Zinazobaki ziachiwe mto wenyewe.

"Kwa hiyo bonde zima limekaa juu ya kituo kimoja," akasema.

"Kimekaa pazuri," nikamjibu, na watu wakacheka. Hakucheka. Simpendi.

Julai 8

Dada kanipigia simu kazini. Ni mkunga kwenye zahanati ya mji wa chini.

"Bomba limekauka siku ya tatu. Leo nimepokea mtoto kwa nusu ndoo ya maji. Mto umelala, mdogo wangu."

"Haujalala. Namba za Mjomba za Juni ninazo hapa mezani."

"Basi njoo unawe mikono na hizo namba zako." Akakata.

Dada tangu utotoni anakuza mambo. Mabomba ya mji ule ni mabovu, hilo linajulikana. Nimemwandikia fundi mkuu barua.

Julai 9

Joto.

Julai 15

Joto. Feni imekufa.

Julai 28

Bwana Desimali kaja mezani kwangu na karatasi yenye mchoro wa mstari. Hakuketi.

"Mama, huu ni mto wako. Miaka kumi na tisa ya mwanzo, mstari unapanda na kushuka, miaka mingine unagusa karibu na chini kabisa. Halafu, miaka kumi na miwili iliyopita, unaacha kushuka. Kila kiangazi unafika sentimeta arobaini na mbili, ndizo zile lita mia sita na arobaini, unakaa hapo hapo kama umelazwa kitandani."

"Mvua zimekuwa nzuri."

"Vituo vingine havisemi hivyo. Mto hauna tabia hii."

Nilimuuliza kama anataka kusema Mjomba anakaa nyumbani na kujitungia namba. Akasema hajasema hivyo. Nikamwambia amesema, ila amesema kwa desimali. Sauti ilinipanda mpaka karani wa jirani akafunga mlango. Mtu aliyeshuka mtoni na homa, aliyeshuka siku ya mazishi ya mkewe, leo aje mwenye shati amwite mwongo!

Julai 31

Bwana Desimali nampita kwenye korido kama simwoni.

Agosti 11

Dada tena. Watu wanafukua mchanga wa mto kwa mikono na mabakuli. Safari hii hakunitania. Aliongea polepole, kama anavyoongea na mgonjwa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nimemwendea Bwana Desimali nikamwambia: twende Kituo cha Saba, uone kwa macho yako, kisha uniombe radhi.

Agosti 14

Naandika haya ndani ya gari la ofisi, nje ya nyumba ya Mjomba, dereva akibadilisha tairi. Nitayaandika yote kwa mpangilio, maana nikiyaacha hadi kesho nitaanza kuyalainisha.

Tulifika saa nne asubuhi. Mjomba alikuwa mlangoni, suruali kaikunja hadi magotini, miwani kaifunga kwa uzi shingoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Umekonda. Huko ofisini hamli?"

Tukashuka wote watatu mtoni. Nilikuwa nimetangulia, nikitaka kumwonyesha Bwana Desimali ubao ule mweupe ninaoujua tangu utoto. Nilipofika, nikakuta msingi wa saruji peke yake, umesimama juu ya mchanga mkavu. Ubao hakuna. Mchanga una nyayo za mbuzi kutoka ukingo huu hadi ule. Mto haupo. Nasema haupo.

"Uko huku," Mjomba akasema, akaendelea kutembea.

Hatua kama arobaini mbele, chini ya mwamba, kuna shimo refu ambalo tulikuwa tunakatazwa kuogelea. Lina maji, yametulia tuli, hayaendi popote. Katikati umesimama ubao, umepakwa rangi vizuri, namba zinasomeka hata kwa mbali. Sentimeta arobaini na mbili.

"Mjomba, ubao ulikuwa kule juu."

"Ulikuwa kule."

"Nani aliuhamisha?"

"Mimi." Hakushusha sauti wala macho.

Nilimgeukia Bwana Desimali nikitegemea kuona ushindi usoni mwake. Alikuwa kanipa mgongo, anaupiga picha mwamba ambao hauna cha kupigwa picha.

Tukarudi nyumbani. Mjomba akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Ndani yake fomu tatu za zamani. Juni, Julai, Agosti, miaka kumi na miwili iliyopita. Sifuri asubuhi, sifuri jioni, ukurasa mzima, kwa ule mwandiko wake wa kuinama. Na juu ya kila fomu, muhuri mwekundu: HAIKUJAZWA. IRUDI KWA MSOMAJI.

Chini ya muhuri kuna sahihi. Ni yangu.

"Mwaka ule mto ulisimama miezi mitatu," Mjomba akasema. "Nikaandika sifuri, mkanirudishia. Nikaandika tena, nikazipigia mstari mzione vizuri. Mkanirudishia. Ya tatu ikaja na barua, kituo kisichojazwa kitafungwa. Nikakaa nikajiuliza, hawa watu wanataka nini? Nikaona wanataka maji. Maji yalikuwa kwenye shimo, nikaupeleka ubao kwenye maji. Tangu siku hiyo hamjanirudishia kitu. Na sijaandika uongo hata siku moja, mama. Nilichokisoma ndicho nilichokiandika."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sahihi ilikuwa yako. Nikajua unajua."

Nakumbuka sasa. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Mkuu wa kumbukumbu wa wakati ule alitufundisha kwamba safu yenye sifuri tupu ni safu ya msomaji mvivu, irudishwe. Hakuna aliyeuliza msomaji aandike nini mto ukikauka. Na mimi nilikuwa naogopa kusemwa kwamba nampendelea Mjomba, basi fomu zake nilizikagua kabla ya zote, mbele za watu, na muhuri niliubonyeza kwa nguvu. Wino umekolea hadi umetoka upande wa pili wa karatasi.

Tairi limekwisha kufungwa. Dereva ananiita.

Agosti 16

Nimemwandikia Mkurugenzi taarifa fupi: namba ya Kituo cha Saba haifai.

"Namba sahihi ni ipi?"

"Kwa leo, Mama, ni sifuri."

"Siendi Barazani na sifuri. Shamba lile lina watu nyuma yake, wananikalia kooni kila siku." Akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya taarifa yangu: Haijakamilika. Akanirudishia.

Nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikalia.

Agosti 22

Bwana Desimali kapendekeza turudishe ubao kwenye msingi wake, Mjomba asome kama zamani, na yeye mwenyewe aende na kifaa chake kila wiki kuhakikisha. "Mkurugenzi anataka namba," akasema. "Tumpe namba zilizopimwa mpaka achoke." Akauliza pia kama kuna mtu yeyote huko chini aliyeandika siku za kukosa maji. Nikampigia Dada bila matumaini.

Kumbe anaandika. Pembeni mwa kitabu cha waliojifungua, kwa penseli, miaka yote hii: *bomba halina maji*. Miezi ni ile ile ambayo mstari wetu umelala kitandani.

"Ulikuwa unamwandikia nani?" nikamuuliza.

"Mtu yeyote ambaye angeuliza," Dada akasema.

Miaka kumi na miwili, na aliyeuliza ni mtu baki.

Septemba 1

Ubao umerudi kwenye msingi wake. Mjomba kasoma kwa simu: sifuri, sifuri.

Septemba 2

Sifuri, sifuri.

Septemba 3

Sifuri, sifuri. Bwana Desimali anarudi na vumbi hadi kwenye kope. Shati sasa ni kama la binadamu wengine.

Septemba 10

Sifuri, sifuri. Zahanati ya Dada imeanza kuwapeleka wajawazito mji wa jirani. Mmoja alijifungulia njiani. Mtoto mzima, mama mzima, lakini Dada sauti imemkauka.

Septemba 18

Mkurugenzi kaniita, mlango kafunga mwenyewe. Amekubali namba. Kitabu cha Dada na vipimo vya Bwana Desimali vimemshinda. Nilianza kushukuru, akainua mkono.

"Baraza litauliza ilikuwaje." Akasukuma karatasi moja mbele yangu. Nainakili hapa neno kwa neno: *Msomaji wa Kituo cha Saba alihamisha kipimo bila idhini. Ofisi haikuwa na taarifa. Hatua za kinidhamu zitachukuliwa.* Chini, nafasi ya sahihi ya mwenye kumbukumbu.

"Mama, fomu zilirudishwa na ofisi hii. Na mimi."

"Najua. Mtaalamu wako hajui kudanganya, nimemuuliza akajibu." Akavua miwani. Bila miwani anaonekana amechoka kuliko sisi sote. "Nisikilize. Ikiwa ni mzee mmoja aliyekosea, tunabadilisha namba moja, mpango unapita, na mji wa dada yako unapata haki yake. Ikiwa ni ofisi iliyokataa sifuri, wataniuliza imekataa sifuri ngapi, za vituo vingapi. Wewe unajua ni ngapi?"

Sikujua.

Septemba 19

Sasa najua. Rejesta ya fomu zilizorudishwa ilikuwa stoo, chini ya feni iliyokufa. Vituo tisa. Fomu mia moja na nne. Mwandiko ni wangu, mzuri, umenyooka.

Sijui vituo vingine nane vilifanya nini na sifuri zao.

Septemba 24

Mjomba kapiga simu. Bwana Desimali kamweleza kila kitu. Kweli hajui kudanganya.

"Tia sahihi, mama. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Wewe una watoto shuleni. Mimi wakinifukuza nitakwenda mtoni vile vile."

"Watakuita mzembe, Mjomba."

"Wakiniita, mto utaniita hivyo?"

Akacheka. Mimi sikuweza.

Septemba 29

Nimetia sahihi. Nilijiambia ni kwa ajili ya mji wa chini. Nilijiambia Mjomba mwenyewe kataka. Nimejiambia mambo mengi, na yote yalikuwa na mantiki. Naona aibu kuandika kwamba nilipotoka pale nilikuwa na njaa, nikala vizuri.

Oktoba 3

Sifuri, sifuri. Bwana Desimali ameisoma karatasi niliyosaini. Ameiweka mezani kwangu, maandishi chini. Afadhali angenigombeza.

Oktoba 9

Mawingu asubuhi. Mchana yameondoka.

Oktoba 15

Mjomba ameitwa na Baraza aje ajieleze mwenyewe. Hili Mkurugenzi hakuliomba, na mimi sikulitegemea. Tangu nilipotia sahihi nalala saa chache na kuamka nimekunja ngumi.

Oktoba 22

Amekuja na koti lake la kijivu, lile alilovaa siku nilipohitimu. Alikalishwa kiti cha peke yake katikati ya ukumbi, mbele ya meza ndefu ya wajumbe. Mimi nilikuwa nyuma ya Mkurugenzi na mafaili mapajani. Kulikuwa na joto la kupasua kichwa. Mjomba hakufungua hata kifungo kimoja.

Mwenyekiti wa Baraza si mtu mbaya. Aliuliza taratibu.

"Mzee, ulihamisha kipimo?"

"Nilihamisha."

"Ulijua unachofanya?"

"Nilijua."

"Kuna mtu alikwambia ufanye hivyo?"

Mjomba akageuza kichwa, akanitafuta nyuma ya bega la Mkurugenzi, akaniona. Akatabasamu kidogo, kama alivyokuwa akinitabasamia nikivunja kitu nyumbani na marehemu mkewe akiuliza ni nani.

"Hakuna," akasema. "Ni uzembe wangu."

Lile neno ndilo lililoninyanyua. Miaka thelathini na moja, asubuhi na jioni, na sasa analitamka mwenyewe kwa kinywa chake, kwa ajili yangu! Nilijikuta nimesimama, mafaili yamemwagika sakafuni, na mkono wangu uko ndani ya mkoba. Ule mfuko wa nailoni nilikuwa natembea nao tangu Agosti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu mzee aliandika sifuri. Miezi mitatu aliandika sifuri, na sifuri ilikuwa kweli. Aliyekataa ni mimi. Sahihi hii ni yangu, muhuri huu niliubonyeza mimi. Na ile karatasi ya Septemba iliyo mbele yenu pia nimeisaini mimi, na si ya kweli."

Fomu zilipitishwa mkono kwa mkono. Mjumbe mmoja alizigeuza akaangalia wino uliotokea nyuma.

"Ni kituo hiki tu?" Mwenyekiti akauliza.

Mkurugenzi hakugeuka. Niliona mabega yake yamesimama.

"Vituo tisa, Mheshimiwa. Fomu mia moja na nne."

Mkurugenzi akafunga kifuniko cha kalamu yake. Sauti ile ndogo naisikia bado.

Mpango haukupita. Umerudishwa, miezi sita, kila kituo kati ya tisa kikaguliwe kwa miguu. Kibali cha shamba kimesimamishwa hadi hapo. Mji wa chini upelekewe maji kwa magari kuanzia wiki hii na uwe wa kwanza kuandikiwa fungu lake. Mjomba abaki kazini kwake. Mimi niandike maelezo ya kwa nini nisichukuliwe hatua.

Kwenye korido Mkurugenzi alinisubiri. Nilijiandaa kwa lolote.

"Umeniangusha mbele ya watu," akasema. "Ile rejesta niletee kesho saa moja asubuhi. Tunaanza na Kituo cha Kwanza, na mimi nakwenda mwenyewe." Akaondoka. Viatu alikuwa amevishika mkononi.

Mjomba aliniuliza kitu kimoja tu tulipofika nje. "Nani anasoma jioni ya leo?"

Bwana Desimali alikuwa kule mtoni.

Oktoba 27

Nimeondolewa kwenye kumbukumbu hadi shauri langu liamuliwe. Nimewekwa dirisha la mapokezi, kupokea fomu na kuzigonga muhuri. Ndiko nilikoanzia kazi. Kiti ni kile kile, kimepungukiwa mguu mmoja.

Dada kaniletea salamu kwa simu: magari ya maji yamefika. "Sasa njoo unawe mikono," akasema.

Novemba 4

Bado haijanyesha, ila upepo umegeuka na karatasi zote za dirishani nimezikandamiza kwa mawe.

Saa tatu imefika bahasha ya Kituo cha Saba, ya Oktoba. Nimeifungua mbele ya foleni. Siku thelathini na moja, asubuhi na jioni, sifuri sitini na mbili. Ile ya jioni ya tarehe ishirini na mbili ina mwandiko wa Bwana Desimali, na ameiandika sifuri nukta sifuri sifuri. Na siku nyingine zote, ndani ya ile safu nyembamba ya Maoni ambayo miaka yote aliiacha wazi, Mjomba amebana maneno mawili kwa mwandiko wa kuinama: *Nimeshuka. Nimesoma.*

Mwanamke aliyekuwa mbele ya dirisha aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia asubiri kidogo. Nilizisoma zote sitini na mbili, moja moja, kidole juu ya karatasi. Kisha nikachukua muhuri wa IMEPOKELEWA, nikaubonyeza kwa nguvu, nikatia sahihi.